Kabla Majivu Hayajazolewa

Hapa Kayanga watu wanasema Ainebyona alifukuzwa chuo kikuu kwa kiburi. Wengine wanasema alimtukana mwalimu wake. Yupo na mmoja, jina lake nalisitiri kwa kuwa ni mteja wangu, anayesema alipata mimba. Uongo mtupu. Mimi ndiye mwenye duka la steshenari pale chini ya stendi, Salwa, Mama Tariq, na karatasi zake karibu zote zilipita kwenye mashine yangu. Naijua habari hii kuliko wanaoisimulia, na mara nyingi natamani nisingeijua.

Nilimpokea akiwa kidato cha pili. Baba yake, Yustus, mkulima wa Kanoni na mzee wa kanisa la Kilutheri, alikuja kupanga kwangu chumba cha nyuma ili binti awe karibu na shule. Mtoto mwembamba, mkaidi, hana maneno mengi ila akiyatoa yanauma. Aliponiona nimebandika tangazo la "kopi safi kuliko zote Karagwe" aliniuliza nimeyatembelea maduka mangapi ya kopi. Nilitaka kumzaba kibao. Mwezi haukuisha nikawa namwita mwanangu.

Akaenda chuo kusomea sheria, akamaliza, wakambakiza kuwa mkufunzi msaidizi. Huko ndiko alikokutana na Dokta Rwegoshora, mtu wa kwetu huku huku Kagera, bingwa wa sheria za ardhi. Huyo ndiye aliyemfundisha kazi ya kukosoa. Alimwambia: ukisoma makala ya msomi, usishughulike kwanza na anachosema, uliza amekijuaje. Mwandishi alimwuliza nani, wapi, siku gani, na nani alikuwa amekaa pembeni akisikiliza.

Basi likizo ikifika, Ainebyona alikaa kwenye benchi la duka langu na rundo la makala na biro nyekundu, ungewahurumia waandishi. "Mama Tariq, huyu profesa anasema wakulima wa nchi nzima wanataka hatimiliki. Unajua aliwahoji wangapi? Kumi na mmoja. Wote wa kijiji kimoja, na mwenyekiti wa kijiji kakaa nao." Tulicheka mpaka wateja wakauliza kuna nini. Nilimwambia, kwa utani tu, sheria ni msumeno, mwanangu, angalia vidole. Alikuwa hodari, na alijua kuwa ni hodari.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa nane, akafa Leonidas, mdogo wake Yustus. Alimwacha mjane, Restuta, na mabinti wawili walioolewa mbali. Mtoto wa kiume hawakujaliwa. Kibanja chao kilikuwa mkabala na cha Yustus: nyumba ya bati katikati, migomba kuizunguka, mibuni mpaka chini bondeni. Wakati huo Ainebyona na Dokta Rwegoshora walikuwa wanaandika makala juu ya wajane na ardhi ya ukoo, na Ainebyona alitakiwa kuzunguka Karagwe na Kyerwa akiwahoji wazee wa koo. Kuwapata wazee ni shida. Huyu yuko mnadani, yule yuko kwenye pombe, mwingine anataka uje kesho. Pale msibani wote walikuwapo, wamekaa kwenye viti vya kuazima mbele ya moto mmoja.

Akaona bahati. Siku ya pili ya matanga, mchana, aliomba ruhusa kwa Babu Athanasi, mkuu wa ukoo, akaweka simu juu ya kigoda irekodi. Athanasi akasema kwamba kwa mila ya ukoo wao mjane asiye na mtoto wa kiume hukaa mwaka mmoja, kisha hurudi kwao, na kibanja hurudi kwa ndugu wa mume. Wazee wengine wakaitikia kwa vichwa. Ainebyona akauliza kama kuna mwenye neno tofauti. Kimya. Athanasi akatia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, ile ambayo watafiti hawaruhusiwi kuandika maneno ya mtu bila yeye kuikubali, akasema anaridhia kwa niaba ya wote. Siku ya tatu alfajiri binti akapanda basi, maana chuo kilikuwa kinamdai rasimu. Matanga yaliondolewa siku ya nne yeye hayupo.

Makala ikatoka kwenye jarida la nje, kwa Kiingereza, kurasa kumi na nane. Jina la Dokta mbele, la Ainebyona nyuma. Ukurasa wa kumi na moja iliandikwa kwamba wazee wa ukoo walithibitisha mila hiyo mbele ya wanaukoo wote na hakuna aliyepinga. Kwa makala hiyo akapandishwa kuwa mhadhiri msaidizi, mkataba wa miaka miwili, kwa sharti moja: kabla ya Juni ya mwaka wa pili awe ametoa makala nyingine yenye jina lake peke yake. Akikosa, mkataba hauongezwi. Aliniambia hayo kwenye simu akicheka. Juni ilikuwa mbali, na makala kwake ilikuwa kama chapati kwangu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Yustus akaingia dukani, kavaa koti la kanisani siku ya Jumanne.

"Salwa, kuna kitu cha binti yangu kwenye mtandao. Nitolee."

Nikakitafuta, nikakitoa. Nikamwekea na jalada la plastiki mbele, nikakipiga spairo bila kumlipisha. Nilifurahi kweli. Nilidhani anakwenda kukiweka mezani sebuleni, wageni wakija awaonyeshe jina. Hilo nitajibu mbele ya Mungu kwa namna yangu, kwamba sikumwuliza cha nini.

Alikipeleka kwenye baraza la ardhi. Kumbe alikuwa amekwisha kumshtaki shemeji yake ili atoke kwenye kibanja. Restuta hakuwa na wakili. Alisimama akasema mimi ni mke wa ndoa wa Leonidas, nimekaa pale miaka thelathini na moja, mibuni ile nimeipanda kwa mikono hii. Upande wa pili wakasema mila iko wazi, na makala hii hapa. Babu Athanasi mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, na maneno ya marehemu yaliyochapwa huko Ulaya nani atayabishia? Mjane akashindwa. Alihamia Isingiro kwa kaka yake, akiwa na kitanda, masufuria na picha ya harusi.

Ainebyona hakujua. Baba yake hakumwambia, na mimi niliyeanza kusikia minong'ono nilisema moyoni nisimvuruge mtoto na kazi zake. Alikuja Pasaka. Yustus akamshika mkono, akavuka naye hadi kwa Leonidas, akamwonyesha migomba iliyofyekwa ili apande miti ya mbao, akamwambia kwa furaha: "Shule yako imetulipa, mama. Bila maandishi yako ningehangaika miaka."

Alifika dukani kwangu jioni hiyo hiyo hajala. Hakunisalimu. Alisema, "Nitolee makala yangu," na nilipompa akaketi kwenye benchi akatoa biro nyekundu. Nimemwona akiwakosoa watu wengi, lakini siku ile nilitamani kumfunika macho. Alipiga mstari, akapiga mwingine, akafika ukurasa wa kumi na moja akakwama. Alisoma pale pale mara tano sita.

"Mama Tariq, hapa pana kitu. Sikioni, lakini kipo."

"Kamwulize Restuta mwenyewe," nikasema. "Si yupo hai?"

Jumatatu ya Pasaka nilifunga duka, tukaenda wote Isingiro. Restuta tulimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Ainebyona akapiga magoti.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Inuka, chini kuna maji."

Aliinuka akasema yote bila kupunguza: yeye ndiye aliyeandika, kwa mkono wake, na amekuja kuomba radhi. Restuta hakuacha kuchambua maharage. Baadaye akasema, "Hiyo karatasi sijawahi kuisikia imesema nini. Kule barazani walisoma Kizungu. Nisomee."

Akamsomea, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, pengine Kinyambo. Kurasa za mwanzo Restuta alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali. Walipofika kwa Athanasi akanyanyua mkono.

"Hapo. Hayo aliyasema lini?"

"Siku ya pili ya matanga, mama. Mchana."

"Moto ulikuwa unawaka?"

Ainebyona akashusha karatasi. Nilimtazama usoni nikaona ameelewa, na mimi bado sijaelewa. Restuta ndiye aliyenifafanulia, kwa upole, kama ilivyo kwa mgeni. Katika ukoo ule, moto wa matanga ukiwa bado unawaka uani, mzee akinena habari za urithi hajibiwi. Si na mjane, si na mtu yeyote. Kubishana mbele ya moto ule ni kumtakia mwenye nyumba msiba wa pili. Mwenye neno hulimeza mpaka siku ya kuondoa matanga, majivu yazolewe, uwanja ufagiliwe. Hapo ndipo watu hufungua vinywa.

"Wewe umezaliwa Kanoni," Restuta akamwambia. "Umeuliza nani anapinga, na moto unawaka. Ulitaka nani akujibu?"

"Na majivu yalipozolewa?" Ainebyona aliuliza.

"Nilisema. Nilimwambia Babu, mbona Dafroza, mjane wa ndugu yako mkubwa, hakuwa na mtoto wa kiume, na alikaa kwenye kibanja chake mpaka tukamzika pale pale, na wewe ulikuwa unakula ndizi zake? Babu akacheka. Akasema kweli, nimesahau, uzee. Akasema mwacheni Restuta akae. Baba yako alikuwapo. Wote walikuwapo." Akapepeta ungo. "Ni wewe tu hukuwapo. Ulikuwa ndani ya basi."

Nikamwuliza kwa nini hakuyasema hayo barazani. Alisema aliyasema. Wakamwuliza yameandikwa wapi.

Ainebyona alilia njia nzima. Lakini alikuwa amekwisha kulitafuta jambo la kufanya, ndivyo alivyo. Siku ya pili alimpigia Restuta kumwomba waombe kuongezewa muda wa rufaa. Restuta akakataa. Migomba imefyekwa, alisema, na hata nikirudishiwa udongo, nitaamka kila siku nitazamane mlango kwa mlango na Yustus? Nina miaka sitini na tatu. Niacheni nipumzike.

Basi Ainebyona akaandika. Aliomba ruhusa kazini wiki tatu, akajifungia chumba kile kile cha nyuma, akaandika makala ya kuikosoa makala yake. Aliniwekea kwenye kompyuta niipange kurasa, na kwa kuwa alikuwa ameiandika na kwa Kiswahili pia, niliisoma. Jamani. Mimi si msomi, lakini najua kitu kilichonyooka. Alieleza moto, majivu, basi la alfajiri, kimya ambacho yeye alikiita kibali. Aliweka maneno ya Restuta neno kwa neno, pamoja na lile la kuzaliwa Kanoni. Hakujificha mahali. Alisema wasomi wa sheria huwakosoa wenzao kwa rejea walizokosa kusoma, na hawaulizi siku mtafiti alipoondoka ni nani alikuwa hajazungumza.

Aliituma kwanza kwa Dokta Rwegoshora. Nilitegemea mzee atakasirika, maana jina lake ndilo la kwanza kuaibika. Alipiga simu, tukaisikia kwa sauti ya juu pale dukani. Alisema, "Ni nzuri kuliko yangu zote. Itume. Nitaaibika, nimeshazeeka. Wewe utaaibika ukiwa na kazi."

Jarida lile lile likaikubali upesi, haijawahi kutokea, wiki mbili tu. Walitaka jambo moja dogo. Kwa kuwa makala nzima imesimama juu ya maneno ya mtu mmoja aliye hai, walihitaji fomu yake ya ridhaa yenye sahihi. Ilikuwa Mei, tarehe kumi na tisa. Nikaiprinti ile fomu, nakala mbili, nikiimba. Niliona mtoto amepona.

Tulimkuta Restuta amekaa mlangoni kwa kaka yake, mguu umevimba kwa baridi yabisi. Safari hii Ainebyona alimsomea kwa Kiswahili chake mwenyewe, polepole, mpaka mwisho. Restuta alisikiliza amefumba macho. Alipoambiwa imekwisha akasema, "Umeandika vizuri. Hakuna uongo hapo."

"Asante, mama."

"Ikisomwa, kibanja kinarudi?"

"Hapana, mama."

"Baba yako ataadhibiwa?"

"Hapana."

"Ile ya kwanza itafutwa?"

"Nitawaandikia waiondoe. Sina hakika."

"Na wewe utapata nini?"

Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema haki, ukweli, wajane wengine. Nilimwombea aseme hivyo. Akasema, "Nitabaki na kazi yangu."

Restuta akafumbua macho akamtazama sawasawa. "Hiyo karatasi mkononi. Umekuja kuniuliza, au umekuja kuniarifu?"

"Kukuuliza, mama."

"Basi nakataa."

Nikaingilia. Nilisema, mama, tutabadilisha jina, tutakuita jina lolote, hakuna atakayejua. Restuta akanijibu bila ukali, "Mama Tariq, Kanoni nzima wananijua. Na si jina." Kisha akamgeukia binti. "Maneno yangu hayakuandikwa nikapoteza shamba. Sasa yaandikwe upate mshahara. Nimewapa nyumba, nimewapa migomba, nimewapa mibuni miaka thelathini na moja. Mwanangu, sikuchukii. Lakini sina cha kumpa tena mtoto wa Yustus."

Ainebyona alipiga magoti kama siku ile ya kwanza. Alisema, "Nimesikia, mama." Akaikunja fomu akaiweka mkobani, tukaondoka.

Njiani nilimgombeza, sioni haya kusema. Tulipokuwa tunasubiri gari Nkwenda nilimwambia mwanamke yule sahihi yake ni dole gumba tu, tia lako wewe, nani Ulaya atakuja Isingiro kupima dole gumba? Maisha yako yote, kwa ukaidi wa bibi mmoja! Alinisikiliza mpaka nikachoka. Akasema, "Mama Tariq, ya kwanza niliipata hivyo hivyo. Athanasi aliridhia kwa niaba yake."

Kesho yake asubuhi alikaa kwenye kompyuta yangu akaandika barua pepe ya mistari miwili kuiondoa makala mpya. Akaandika ya pili, ndefu, kuwaomba wafute ile ya kwanza kwa kuwa ina kosa. Juni ikaja, mkataba ukaisha, naye akaenda kukusanya vitu vyake. Sasa anafundisha uraia kwenye shule moja ya binafsi huku kwetu, na kwa baba yake hajakanyaga.

Jibu la barua ya pili lilikuja mwezi wa saba. Walimshukuru kwa uaminifu wake. Walisema wako tayari kabisa kuiondoa makala ile, mara tu atakapowapelekea ushahidi wa kosa. Ushahidi ni maneno ya Restuta, maana wengine waliokuwapo hawasemi kinyume cha Yustus, na Restuta amekataa, na ni haki yake. Makala bado ipo. Wiki iliyopita wakili mmoja ametuma niitoe nakala tatu, kuna mjane mwingine huko Kyerwa.